Yowe Lisilomo Kitabuni

Kofi la kwanza lilinikuta nikiwa na pini za nywele mdomoni. La pili lilinikuta nikizitema.

"Nani aliyekwambia utaolewa na yule Popo?" Kaka aliuliza.

"Nimejiambia mwenyewe."

La tatu sikuliona lilikotoka. Niligonga kabati la vyombo kwa bega, vikombe viwili vikaanguka vikavunjika, na hapo ndipo Mama, aliyekuwa akipiga pasi gauni lake la kijani upande wa pili wa chumba, aliposema neno lake la kwanza.

"Jamani, vikombe vyangu!"

Hakugeuka. Pasi ilikwenda ikarudi, ikakwenda ikarudi, juu ya mkono uleule wa gauni, hadi nikahofia kitambaa kitaungua.

Kaka yangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gereji nzima wanamwita Nyundo, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi. Tangu Baba afariki, miaka sita sasa, alijipa kazi ya ziada ya kuninyoosha na mimi, na hakuna siku aliyoichukulia likizo.

"Mwanamume gani anashinda gizani?" alifoka. "Popo si ndege, si mnyama. Utaishi naye wapi, darini?"

"Angalau darini hakuna makofi."

Aliinua mkono tena. Mama akaichomoa pasi ukutani.

"Basi, basi. Mnanichelewesha bure. Nina hotuba saa tisa mimi."

Hotuba yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa sinema, na huko ndiko Popo alikofanya kazi. Alikuwa fundi wa kuonyesha filamu, mmoja wa wachache waliobaki wanaojua mashine zile kubwa za mikanda. Siku hiyo wangeonyesha *Binti wa Tanuri*, filamu ya zamani iliyotokana na riwaya ambayo kila aliyepita shule ameisoma, apende asipende. Mama aliifundisha riwaya hiyo miaka thelathini. Filamu hakuwahi kuiona. Aliichukia kwa mbali tu, kama mtu anavyomchukia wifi asiyemjua.

Kisa chake ni chepesi. Binti wa wachoma matofali anampenda kijana wa mkokoteni anayekuja kuyachukua matofali hayo. Kaka yake anagundua. Halafu vinakuja vijisentensi vitatu ambavyo Mama aliwakaririsha watoto wa watu mpaka wakaviota: *Kaka mtu alimpiga. Binti hakulia. Asubuhi tanuri likawashwa.*

"Sentensi tatu!" Mama hupenda kusema. "Mwandishi mchanga angejaza kurasa kumi za damu na kamasi. Huo ndio ukomavu wa kalamu."

Nami niliamini hivyo, hadi nilipokutana na Popo.

* * *

Mimi nakarabati vitabu maktaba. Vitabu vilivyong'oka migongo, vilivyochanika, vilivyomwagiwa chai. Popo alikuja siku moja kuuliza gundi ya kuungia mkanda, na niliponyoosha mkono kumpa chupa, tuligundua kwamba vidole vyetu vinanuka kitu kimoja. Tangu siku hiyo akaniita Gundi. Nilijifanya nimechukia. Jioni nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Saa nane na nusu nilipanda ngazi za nyuma hadi chumba cha mashine. Alikuwa ameinamia projekta, anafuta lenzi kwa kitambaa laini. Aligeuka akitabasamu. Tabasamu likafa.

"Nani?"

"Kabati."

"Kabati lina vidole vinne?"

Nikainamisha uso. Alikuja taratibu, akakiinua kidevu changu kwa ncha ya kidole, na macho yake yakatembea juu ya shavu langu hadi nikahisi joto ambalo si la kofi. Jamani, kuna watu wanajua kutazama. Anakutazama mpaka unasahau kwamba unaumwa.

"Yuko wapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Anamleta Mama. Popo, usimguse. Niahidi."

"Nikuahidi vipi na uso uko hivi?"

"Ukimpiga, Mama atasema wote ni walewale. Hapo neno lake sitalipata maisha. Na mimi siolewi bila neno la Mama, nilishakwambia."

Alikuwa amepanga kwamba filamu ikiisha atashuka, asimame mbele ya Mama, anipose kwa mdomo wake mwenyewe. Shati jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limenyooshwa.

"Haya," alisema hatimaye. "Naahidi. Sitamwinulia mkono."

"Kuna jingine." Nilinyoosha kidole kwenye maboksi. "Rili ya nne. Zile dakika nne."

Alijua ninachosema. Filamu ile nimeitazama mara saba nikiwa nimesimama kwenye kidirisha cha chumba chake, na mara zote saba hapo huwa natamani kufumba macho. Mahali ambapo kitabu kina sentensi tatu, mtengeneza filamu ameweka dakika nne. Muziki unakatika. Kaka mtu anapiga, Binti halii, kama ilivyoandikwa. Lakini kamera haikai kwao. Inageuka polepole hadi mlangoni, na mlangoni amesimama mama yao, mikono imejaa unga, anatazama. Unasikia kipigo, unamwona yeye. Dakika nne nzima anatazama, kisha anarudi jikoni.

Mwandishi hakusema mama alikuwa wapi. Mwenye filamu alijiuliza.

"Mama akimwona yule mwanamke," nilisema, "ataondoka. Atasema umemwita hapa kumtukana. Ikate, Popo. Utairudisha kesho. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Ukipokea kitabu ambacho mtu amenyofoa ukurasa, unasemaje?"

"Natukana."

"Mimi je?"

"Kwa hiyo unaipenda filamu kuliko unavyonipenda mimi!"

Yakamwuma hayo. Alienda mezani, akafungua boksi la rili ya nne, akavuta mkanda, akautafuta kwa taa hadi akafika pale. Akachukua wembe. Akauweka kwenye mstari baina ya picha na picha, akanitazama.

"Sema tu. Wewe ndiye wa kusema."

Niliinama nikaona picha zile ndogo zimepangana, mama yule mlangoni, mamia yake, kila mmoja na unga wake mikononi.

"Acha," nilisema. "Acha ilivyo."

Aliuweka wembe chini akanikumbatia, na nikalia kwenye fulana yake mpaka kengele ya kwanza ikalia na yenyewe.

* * *

Mama alipanda jukwaani na gauni lake la kijani na miwani yake ya kamba.

"Filamu hii sijaiona," alianza, "na sababu ya kutoiona ni kwamba naijua."

Ukumbi ukacheka. Wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vipara na vitambi, na bado walikaa wima kama wanaogopa kuitwa ubaoni. Alisema dakika kumi juu ya ukomavu wa kalamu. Alikariri sentensi zake tatu na ukumbi mzima ukazikariri naye. Kisha akashuka akaenda kukaa safu ya mwisho kabisa, chini ya kidirisha chetu, kwa desturi ya walimu wanaotaka kuona nani anatoroka. Kaka akakaa kando yake.

Nilibaki juu. Taa zikazimika, projekta ya kwanza ikaanza kunguruma, na kwa muda nikasahau kila kitu. Hata ungekuwa na roho ya jiwe, rili tatu za mwanzo za filamu ile zingekulainisha. Binti anampa kijana wa mkokoteni tofali moja moja, na kila tofali linapopita, vidole vinakaribiana zaidi, hadi tofali la mwisho linaanguka kwa sababu hakuna aliyelishika. Kitabuni hilo halimo. Kitabuni imeandikwa tu *walipendana*. Popo alikuwa nyuma yangu, mkono wake juu ya wangu kwenye ukingo wa kidirisha.

"Hapa ndipo nilipokupenda," aliniambia sikioni.

"Muongo. Ulinipenda kwenye chupa ya gundi."

Nikatazama chini. Kiti cha Kaka kilikuwa kitupu.

Mlango wa chumba cha mashine ni wa chuma, nao haufungwi kwa ndani. Ulifunguka ukagonga ukuta kwa kishindo. Kaka aliingia. Alinishika mimi kwanza, kwa nywele, akanitupa kwenye rafu ya maboksi, kisha akamgeukia Popo.

Popo alisimama na mikono yake imening'inia. Alikuwa ameahidi, na mjinga yule aliishika ahadi.

Ngumi ya kwanza ilimpasua nyusi. Ya pili ilimkunja tumboni. Alipoinama Kaka alimpokea kwa goti, nikasikia pua inavunjika, sauti ndogo kavu, na damu ikaruka juu ya lile shati jeupe msumarini. Popo akaanguka. Kaka akaanza mateke.

"Mwinulie mkono!" nilipiga kelele. "Popo, mpige!"

Nilimrukia Kaka mgongoni nikamng'ata sikio hadi nikaonja chumvi. Alinibamiza ukutani kwa mgongo mara mbili, nikaachia, pumzi zote zikanitoka. Akanikanyaga mkono akapita.

Na pale chini, katikati ya damu yake, Popo alikuwa anatazama kidirishani. Pembeni mwa pazia la sinema, juu kulia, kilitokea kidoa kidogo cheupe.

"Alama!" alisema kwa midomo iliyopasuka. "Gundi! Alama!"

Kila rili inapokaribia kwisha hutoka alama mbili. Ya kwanza unawasha mashine ya pili, ya pili unavuta mkono wa kubadilishia, na watu chini hawajui kitu. Nimeiona kazi hiyo mara mia. Nilijiburuta. Niliwasha. Nilihesabu. Kilipotoka kidoa cha pili nikavuta, na rili ya nne ikaingia bila hata kucheza.

Mpaka leo silali nikilifikiria hilo. Ningeacha tu, pazia lingebaki jeupe, watu wangeguna, wangegeuka, mtu angepanda kuja kuona kuna nini. Ila sisi wawili ndio tungeweza kufanya kosa kama lile, mmoja anakufa na mwingine anasaga meno, wote tunahofia filamu isikatike. Kwa mkono wangu mwenyewe niliwapa watu wa chini zile dakika nne, na muziki ukakatika, na vipigo vya filamu vikaanza.

Pah. Pah. Juu vipigo, chini vipigo. Nani angetofautisha?

Kaka alikuwa amemvuta Popo hadi kwenye meza ya kukunjia mikanda. Alimshika mkono wa kulia, akautandaza juu ya chuma, akainua boksi la rili, lile zito la bati.

"Tuone utawasha nini tena," alisema.

Liliposhuka, vidole vilisikika. Popo hakupiga kelele, alitoa pumzi ndefu tu, akalegea. Kaka akaliinua boksi tena. Nikamrukia tena, na safari hii alinigeukia mimi, akanishika koo kwa mikono miwili akanisukuma hadi kichwa changu kikavunja kioo cha kidirisha. Vipande vikanyesha kwenye zulia nyuma ya viti. Hewa ikaniishia. Nilimkwaruza macho, akalegeza kidogo, na katika nafasi ile ndogo nikatoa yowe. Si neno, si jina la mtu. Yowe tu.

Chini hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanasikia msichana anapigwa, na sasa analia. Kuna ajabu gani? Akanikaba upya. Niliona macho ya kaka yangu kwa karibu, na ndani yake sikumwona mtu ninayemfahamu. Miguu yangu ikaanza kufa ganzi.

Kisha kitu cha kijani kikaingia baina yetu.

Mama alipita chini ya mkono wake na kunisukuma kando kwa mwili wake wote. Kaka, bila kuangalia, alirusha kiwiko nyuma na kumpata mdomoni. Miwani iliruka. Mama aligonga projekta iliyokuwa imezima, akateleza, akakaa chini, na damu ikaanza kumtiririka kidevuni hadi kwenye gauni.

Kaka akaganda.

"Mama! Mama, sikukuona!"

Mama alitema jino kiganjani. Akalitazama.

"Najua," alisema. "Miaka sita na mimi nimejifanya sikuoni."

"Mama, huyu mtu—"

"Nyamaza."

Ilikuwa ile sauti ya darasani. Mwenye ukumbi alikuwa ameshafika mlangoni akihema, na nyuma yake wakata tiketi wawili. Mama hakumtazama Kaka tena. Alimtazama mwenye ukumbi.

"Ita polisi."

"Mwalimu, huyu si mwanao?"

"Ndiye. Ita polisi, na daktari. Jina lake nitawaandikia mimi mwenyewe, wasikosee."

Walimshusha Kaka akiwa halii wala hapigani, anarudia tu "Mama, Mama," kwa sauti ya mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza. Sauti ilipotea ngazini. Mama aliisikiliza hadi mwisho, amefumba macho, na nikaona jinsi ilivyokuwa inamchana.

Nilitambaa hadi kwa Popo. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Nilikiweka kichwa chake mapajani, nikamfuta damu kwa sketi, nikamwita mjinga, nikamwita mpenzi, nikamwita mjinga tena.

"Nimetimiza," alinong'ona. "Sikumwinulia mkono."

"Ukinitimizia ahadi nyingine kama hiyo nitakuua mwenyewe."

Alijaribu kucheka, akashindwa kwa maumivu. Mama alikuwa amejikokota hadi karibu yetu. Nikamtazama. Nilikuwa na hasira niliyoibeba muda mrefu hata sikujua ina uzito gani.

"Ulijuaje?" nilimwuliza. "Ukumbi mzima umenisikia na hakuna aliyeinuka."

"Jirani yangu alisema, 'Yule dada anaigiza vizuri.'" Mama alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Binti hakulia. Miaka thelathini nawaambia watu hakulia. Nikasikia yowe, nikajua hilo halimo."

"Na mle nyumbani? Huko pia ulikuwa unasubiri nilie?"

Nje ya kidirisha kilichovunjika mwanga wa filamu ulicheza juu ya uso wake uliovimba.

"Nimemwona yule mwanamke," alisema. "Mwenye unga. Nilitaka kuinuka nitoke. Nikajiambia, wameongeza, mwandishi hakuandika. Halafu nikajiuliza, sasa kama hakuwa pale mlangoni, alikuwa wapi? Nyumba yenyewe chumba kimoja." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Sikuwahi kuwauliza wanafunzi swali hilo. Hata mmoja. Maana ningelijibu mimi."

Popo alisogeza kichwa mapajani mwangu. Alikuwa anajaribu kuinuka.

"Mwalimu," alisema, maneno yakitoka kwa shida, "nilipanga nije nikwambie... nivae shati..."

"Lala wewe, damu inakutoka." Mama akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, kwa woga kidogo, kama mtu anayegusa kitu alichozoea kukisema vibaya. Kisha akaniangalia mimi. Najua alijua nimeingoja siku hii kiasi gani. Alijua nililia vipi usiku, nilivyomsihi, nilivyosema mbele ya ndugu kwamba bila neno lake sitatoka mlango ule.

"Mimi nimekubali," alisema. "Muoane. Hilo ndilo neno langu."

Nilimtazama Popo, jicho lake moja, vidole vyake vilivyopondeka juu ya kifua chake. Nikavibusu kimoja kimoja, taratibu nisivitikise.

"Asante, Mama," nilisema. "Ila leo sikuwa nimekuuliza."

Mama aliinamisha kichwa. Jino bado lilikuwa kiganjani. Kisha akasogea, akavua kitambaa chake cha kichwani, akakichana vipande viwili, akaanza kuufunga mkono wa mume wangu.